Bweni Si Ziada kwa Mtoto Asiyeona



Je, shule ya umma ya watoto wasioona ina haki ya kuwatoza wazazi malipo? Swali hili huturudia kila muhula unapofunguliwa, nalo huletwa kwa sauti ya chini, kana kwamba mwenye kuuliza anaona haya. Watoto wenyewe si wengi. Huenda jumuiya yenu ndogo ndogo haina hata mmoja, au inaye mmoja ambaye majirani hawamjui kwa kuwa hushinda ndani. Lakini uchache wao si sababu ya kulipitia swali hili haraka haraka. Twaona kwamba uchache huo ndio uliolifanya jambo hili lidumu miaka mingi bila watu kulishtukia.

Majibu tunayoyasikia ni mawili. La kwanza ni kwamba elimu ni bure, basi mambo yamekwisha. Wasemao hivyo wanakumbuka Januari ya mwaka 2003, karo ya shule za msingi za umma ilipoondolewa na watoto wakafurika madarasani, Serikali ikitenga shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Jibu la pili husema: elimu ni bure, ila kitanda na chakula si bure. Hili la pili ndilo linaloandikwa katika barua za shule, na ndilo tunalotaka kulichunguza hapa, maana lina sura ya haki, na kwa watoto walio wengi ni la haki kweli.

Tuanze na sheria, ili mzazi ajue amesimama wapi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo bure na ya lazima. Ibara ya 54 yaongeza kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufikia taasisi za elimu zilizounganishwa na jamii kwa kadiri inavyomfaa yeye mwenyewe, haki ya kutumia maandishi ya nukta nundu, yaani Breli, na haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kuvishinda vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Kifungu chake cha 29 chakataza shule ya umma kumtoza mzazi Mkenya karo ya masomo. Lakini kifungu hicho hicho chaacha mlango: malipo mengine yaweza kutozwa, iwapo Waziri wa Elimu ameyaidhinisha baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Mlango huo umetiwa makomeo mawili. Mtoto hatakataliwa shuleni kwa sababu malipo hayo hayajalipwa, na fedha haitapokewa pasipo kutolewa risiti rasmi.

Mlango wajulikana na wote. Makomeo yajulikana na wachache. Mzazi anapopokea barua yenye muhuri wa shule, huisoma kama mtu anayesoma hukumu. Hajui kwamba anaweza kuuliza idhini ya Waziri iko wapi, wala hajui kwamba sheria yenyewe imekataza mtoto wake kurudishwa langoni.

Sasa tulitazame bweni. Mzazi mwenye mtoto anayeona, ambaye karibu na nyumbani kwake pana shule ya kutwa, akiamua kumpeleka mwanawe shule ya bweni kaunti nyingine kwa kuwa huko wanafaulu zaidi au nidhamu yao ni kali, mzazi huyo amechagua. Si dhuluma kumwambia achangie godoro na maharagwe. Neno hilo "malipo mengine" lilikusudiwa mambo ya namna hiyo: ziada juu ya elimu ambayo tayari mtoto angeipata bure.

Mtoto asiyeona hakupewa nafasi ya kuchagua hivyo. Shule iliyo karibu na nyumbani kwao haina mwalimu ajuaye Breli. Haina mashine ya kuandikia, haina karatasi yake nene, haina hata kitabu kimoja cha hesabu ambacho vidole vyake vinaweza kukisoma. Mama humpeleka mtoto kwenye kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, vituo ambavyo vilianza nchini mwaka 1984, naye huandikiwa barua ya kumpeleka katika shule maalumu. Barua hiyo haina orodha ya kuchagua. Shule ni hiyo, iko mbali, na kwa kuwa iko mbali mtoto atalala huko. Kwa mtoto huyu kitanda ni sehemu ya darasa, sawa na paa na ubao. Ukimwondolea kitanda umemwondolea shule.

Fikirini nyumba moja yenye watoto wawili, mmoja anaona na mwingine haoni. Yule anayeona huamka asubuhi, hutembea hadi shule ya umma ya kijijini, na Serikali haimwambii mama alipe karo ya masomo wala kitanda, maana kitanda chake ni kile cha nyumbani. Ndugu yake asiyeona, raia wa nchi ile ile, aliyetajwa na Ibara ile ile ya Katiba, hudaiwa malipo ya bweni kila muhula ili apate kitu kile kile ambacho nduguye amekipata bure. Tofauti kati yao ni macho tu. Twauliza: malipo ambayo mtoto mmoja anadaiwa na mwenzake hadaiwi, kwa sababu mmoja haoni, tuyaite jina gani? Shule yaweza kuyaita malipo ya bweni, au mchango wa maendeleo, au chakula na usafi. Mama anajua kwamba asipoyaleta mtoto hasomi, na kitu ambacho usipokilipa husomi jina lake ni karo.

Wala tusisahau ni nani aliyepunguziwa gharama. Kuweka mwalimu wa Breli katika kila tarafa, pamoja na vitabu na mashine, ni mzigo mkubwa kwa hazina ya nchi. Kuwakusanya watoto mahali pamoja ni nafuu. Nafuu hiyo ni ya Serikali, lakini ankara ya mkusanyiko huo imepelekwa kwa mzazi. Hapo ndipo mizani inapolala upande, na mtu hahitaji kuwa wakili ili aione ikilala.

Kukusanya huku hakukuanzishwa na Serikali. Makanisa ndiyo yaliyotangulia. Shule ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na Kanisa Katoliki lina shule zake za wasioona kama ile ya Igoji huko Meru na ile ya Aluor huko Siaya. (Majina ya shule hizo huzitaja kuwa za "vipofu", neno ambalo wengi wetu tulikua nalo, wenyewe siku hizi hupendelea kuitwa wasioona, nasi twafuata matakwa yao.) Wakati huo hapakuwa na njia nyingine. Walimu wa Breli walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na misaada ya ng'ambo ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya gharama. Baadaye shule hizi zikawa za umma, walimu wakalipwa na Serikali, na makanisa yakabaki kama wafadhili. Misaada ya ng'ambo haikuwa ya kudumu. Kilichobaki ni mabweni yaliyojengwa kwa sadaka, yenye vyungu ambavyo hakuna aliyesema waziwazi vitajazwa na nani.

Kwa hiyo hatusemi kwamba mwalimu mkuu anayeandika barua ya malipo ni mtu mbaya. Tunawafahamu walimu wakuu wa namna hiyo, na twajua wanavyolala. Mgao wa Serikali huchelewa. Mwenye kuleta maharagwe amekwisha leta muhula uliopita na hajalipwa, na sasa anatishia kutoleta. Shule ya wasioona ina gharama ambazo shule nyingine haina: mlezi wa usiku kwa watoto wadogo, mtu wa kuwafundisha kutembea kwa fimbo nyeupe, fundi wa mashine, karatasi ambayo bei yake haifanani na ile ya daftari za kawaida. Kitabu kimoja cha darasani kikigeuzwa kuwa Breli huwa majuzuu kadhaa, kila moja unene wake kama mto wa kulalia. Mwalimu mkuu akiacha kudai, chungu kitakauka kabla ya katikati ya muhula. Haya yote ni kweli.

Lakini deni hilo ni la nani? Aliyeahidi elimu ya bure katika Katiba si mama wa mtoto. Mwalimu mkuu hana njia ya kumfungia Waziri lango. Anayo njia ya kumfungia mama. Basi humdai aliye karibu, si kwa kuwa ndiye mwenye deni, bali kwa kuwa ndiye anayeweza kufikiwa. Wazee walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, na hapa fahali hao hata hawapigani. Mmoja amenyamaza, mwingine anaogopa kumwuliza.

Wengine husema malipo yenyewe ni madogo. Ni kweli kwamba mara nyingi huwa chini ya yale ya shule nyingine za bweni. Hata mwongozo wa karo wa shule za sekondari umeziwekea shule maalumu fungu la mzazi lililo dogo kuliko la shule za bweni za kawaida. Ila tuhesabu pamoja. Mtoto mdogo asiyeona hawezi kupanda basi peke yake. Shule inapofunguliwa mzazi humpeleka, kisha hurudi peke yake. Shule inapofungwa mzazi huenda peke yake, kisha hurudi naye. Hizo ni nauli sita kwa muhula: nne za mzazi na mbili za mtoto. Kwa mwaka wa mihula mitatu ni nauli 18, mbali na likizo fupi ya katikati ya muhula, ambayo huongeza nyingine. Nduguye anayeona hutumia nauli ngapi? Hakuna. Basi hata shule isipodai senti moja, nyumba hii tayari imelipa kwa ajili ya upofu wa mtoto, na siku za kibarua zilizopotea njiani hatujazitia katika hesabu. Juu ya mzigo huu ndipo huja malipo yanayoitwa madogo.

Kisha kuna orodha ya mahitaji. Humo, kando ya sabuni na ndoo, pengine utakuta karatasi za Breli, kibao cha kuandikia na kalamu yake ya chuma ya kutobolea, fimbo nyeupe. Sabuni ni sawa. Mtoto angeoga hata nyumbani. Lakini vifaa vya kusomea ambavyo mtoto anavihitaji kwa kuwa haoni vimetajwa na Ibara ya 54 kuwa haki yake. Mashine ya Perkins, ile nzito ya karibu kilo tano ambayo wanafunzi huibeba kutoka darasa moja hadi jingine, hakuna mkulima mdogo awezaye kuinunua, na ndiyo maana shule zenyewe haziithubutu kuiweka katika orodha. Karatasi huwekwa kwa sababu inaonekana ndogo. Torati ilikataza kuweka kikwazo mbele ya kipofu, wala haikutaja ukubwa wa kikwazo.

Lipo pia neno ambalo husemwa katika mikutano ya wazazi, nalo twataka kulijibu kwa makini kwa kuwa lina ukweli ndani yake. Husemwa kwamba wapo wazazi wanaomwacha mtoto shuleni na kutoweka. Likizo inafika, wenzake wanachukuliwa, yeye anabaki na mlinzi. Malipo, wanasema, humfunga mzazi asimsahau mwanawe. Kutelekezwa huku kupo, na walimu waliokaa katika shule hizi wamekuona. Lakini tuulize kwa nini mzazi hatokei. Mara nyingi mzazi huyo anadaiwa. Akifika langoni ataitwa ofisini, atasomewa salio mbele ya wengine, na huenda akarudishwa na mtoto wake hapo hapo. Basi huona heri asifike. Malipo ambayo yalidhaniwa kuwa kamba ya kumvuta yamekuwa mbwa wa kumfukuza. Mzazi huyu ataletwa na nauli, na siku ya kutembelewa ambayo haina hesabu ya madeni, na jirani wa jumuiya atakayemwambia twende pamoja. Wapo pia wanaomwacha mtoto kwa kumwonea aibu. Hao tusitarajie kwamba ankara itawafundisha upendo.

Na kutumwa nyumbani je? Mtoto anayeona akifukuzwa kwa ajili ya malipo huumia, nasi hatulitetei jambo hilo. Hata hivyo akiwa nyumbani herufi humzunguka: gazeti la zamani, kibao cha duka, maneno yaliyo juu ya mfuko wa unga. Anaweza kuazima daftari la mwenzake jioni. Mtoto asiyeona akikaa nyumbani muhula mmoja hakutani na herufi hata moja. Hakuna nukta ya kugusa katika nyumba nzima, wala katika kijiji kizima. Vidole vilivyokuwa vimeanza kuzoea nukta sita za Breli hupoteza uzoefu, na akirudi huanza karibu na mwanzo. Kwa sababu hiyo kosa la kumrudisha mtoto huyu langoni ni zito kuliko linavyoonekana katika daftari la mahudhurio.

Turudi kidogo kwenye sheria, maana tumeambiwa mara nyingi kwamba haki hizi zitakuja polepole, uwezo wa nchi ukiruhusu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilisema mtoto mwenye ulemavu apewe elimu bure au kwa gharama nafuu, kila inapowezekana. Maneno hayo ya mwisho yalimeza yaliyotangulia. Lakini sheria hiyo imekwisha kuondolewa, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 iliyochukua nafasi yake yarudia haki ya kila mtoto kupata elimu ya msingi bure kama Katiba ilivyoagiza. Katiba nayo, inaporuhusu Serikali kutekeleza haki hatua kwa hatua, huzitaja zile za Ibara ya 43. Haki ya mtoto imewekwa katika Ibara ya 53, ambako ruhusa hiyo haikuandikwa. Kwa usomaji wetu, haki hii haingoji bajeti. Aidha Kenya iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Ibara yake ya 24 yataka elimu ya msingi na ya sekondari iwe bure kwa watu wenye ulemavu sawasawa na wengine. Mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria ya Kenya. Katiba yenyewe yasema hivyo katika Ibara ya 2.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali la mwanzo ni hili. Shule ya umma ya wasioona haina haki ya kutoza karo ya masomo, na hilo halina ubishi. Ama malipo ya bweni, barua ya sheria yaonekana kuyaruhusu kwa idhini ya Waziri. Lakini pale ambapo Serikali haikumpa mtoto shule nyingine awezayo kusoma, bweni halipaswi kuhesabiwa miongoni mwa "malipo mengine". Ni elimu yenyewe, na yapaswa kulipwa na yule aliyeiahidi. Wala si ndoto. Jirani zetu wa Tanzania walipoondoa ada katika shule za sekondari za umma kuanzia Januari 2016, waliondoa ile ya kutwa ya shilingi 20,000 za kwao pamoja na ile ya bweni ya shilingi 70,000. Hatusemi huko hakuna matatizo. Twasema tu kwamba ada ya bweni si amri iliyoshuka kutoka mbinguni.

Huenda mtu akasema, kuna basari. Basari ni kitu chema, nasi tunawaomba msiache kuwasaidia wazazi kujaza fomu zake. Lakini basari huombwa, na aombaye hunyimwa pia. Mama hupanga foleni, hupeleka barua ya chifu, hungoja jina lake libandikwe ukutani, na mwaka unaofuata huanza upya. Haki haipangiwi foleni kila mwaka.

Hapa linaingia suala la sadaka zetu wenyewe, na kuna jambo ambalo halitawapendeza wote. Parokia nyingi hufanya harambee kumlipia mtoto mmoja au wawili wasioona. Ni tendo la upendo. Hata hivyo, malipo yasiyo na idhini yakilipwa kimya kimya na parokia, kila mwaka, yanageuka kuwa desturi, na Serikali haina sababu ya kushtuka. Ushauri wetu ni kwamba fedha za harambee ziende kwanza kwenye nauli, siku za kutembelea, na mahitaji ya nyumbani wakati wa likizo. Ikiwa mtoto yuko langoni leo na hatapokewa bila fedha, mlipeni. Asitumiwe kama silaha katika hoja yetu. Lakini dai risiti, na siku hiyo hiyo andika barua kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti kueleza kwamba mtoto angekataliwa kinyume cha kifungu cha 29.

Walei wengine wana nafasi kubwa kuliko kuandika barua. Sheria ya mwaka 2013 yampa mfadhili viti vitatu katika bodi ya usimamizi ya shule ya umma, na katika shule nyingi za wasioona mfadhili huyo ni kanisa. Kiti kingine kimewekwa kwa ajili ya mtu atakayewawakilisha wenye mahitaji maalumu. Tumesikia kwamba kiti hicho hukaliwa pengine na mtu yeyote aliyekuwa karibu; katika shule ya wasioona, kikaliwe na mtu asiyeona, aliyepita katika bweni lenyewe. Sheria hiyo hiyo yautaja msaada wa fedha na majengo kuwa miongoni mwa kazi za mfadhili. Mjumbe wa kanisa hakupelekwa pale kufungua kikao kwa sala na kuinua mkono malipo yanapopendekezwa. Pendekezo la malipo likiletwa mezani, na aulize kwa upole: barua ya idhini ya Waziri iko wapi? Bodi ya Elimu ya Kaunti ilishauriwa lini? Na mtoto ambaye mzazi wake hatalipa, atafanywa nini? Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za kikao. Tunaamini kwamba malipo mengi hayatayavuka maswali hayo.

Kwa Serikali tunayo maombi mawili. Gharama za bweni katika shule maalumu za umma ziingizwe zote katika mgao wa kila mwanafunzi, na mgao huo ufike shuleni kabla ya muhula kuanza badala ya kufika unapomalizika. Pia walimu wa Breli wapelekwe katika shule za karibu, kama inavyokusudiwa na sera ya elimu ya wanafunzi wenye ulemavu ya mwaka 2018, ambayo yaelekea kwenye elimu jumuishi. Twaiunga mkono sera hiyo, kwa tahadhari moja: shule maalumu isinyimwe fedha eti kwa sababu siku moja mtoto atasoma kijijini. Hadi siku ambayo shule ya kijijini itakuwa na mwalimu, vitabu na mashine, bweni ndilo darasa lake.

Limebaki suala la vyeti. Katika baadhi ya jumuiya zetu wapo vijana wasioona waliomaliza masomo miaka iliyopita, na vyeti vyao vimefungiwa kabatini kwa sababu ya salio la bweni. Kijana huyo hawezi kuomba nafasi ya chuo cha ualimu, wala kazi ya kupokea simu, wala mafunzo yoyote, maana kila mahali huulizwa cheti. Serikali imeagiza mara kadhaa kwamba vyeti vilivyozuiwa kwa ajili ya karo vitolewe. Mwenye kumjua kijana wa namna hiyo na alete jina lake kwa kamati ya Haki na Amani ya parokia kabla muhula ujao haujafunguliwa, pamoja na barua zote za shule na risiti zote alizonazo, hata zile za malipo ya nusu.